Saini Ile Haikuwa Yako

Baba yangu, Papa Nivo wa Kalundu,

Hukupenda mtu azungukezunguke kabla ya kufika kwenye neno, kwa hiyo nalitanguliza. Saini iliyo katika kaye ya biro, lile daftari la ofisi la kupokelea barua, haikuwa yako. Niliitia mimi, nikiwa nimesimama mlangoni kwetu, mikono ingali na unga wa muhogo. Wewe ulilijua hilo tangu siku ulipoonyeshwa ile kaye, na mimi niliona kwamba umejua, kisha tukakaa miaka miwili tukila sahani moja pasipo hata mmoja wetu kulitaja. Umekufa nalo. Sasa nalisema mimi, na ninalisema wazi, ili asome yeyote anayetaka: majirani, walimu wenzangu, hata wale wa biro.

Wasiokufahamu watashangaa mtu kuitwa Nivo. Kazi yako ilikuwa kupima ziwa, na nivo ndilo neno la biro kwa kimo cha maji. Kila asubuhi na kila jioni, mwaka nenda mwaka rudi, ulishuka mpaka kwenye nguzo ya bandari yenye ubao wa namba, ukachuchumaa, ukangoja mawimbi yatulie. Ulisoma mara tatu ndipo ukaandika. Nilipokuwa mdogo nilikufuata huko nikiwahi kuitaja namba, nikuonyeshe ninavyojua kusoma, nawe ukanishika bega ukasema, "Usiandike mawimbi, Feza. Andika maji." Nilicheka, maana kwangu yote yalikuwa maji tu.

Jumapili ndiyo iliyotuharibia. Uliimba besi katika kwaya, na misa ya kwanza iligongana na saa ya kupima. Kila namba katika kaye ya kipimo ilihitaji saini kando yake, basi ukanifundisha yako: herufi kubwa ya mwanzo, vilima viwili, na mkia mrefu chini. Mama alikugombeza sana, eti unamfundisha mtoto wizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ukamjibu kwamba ziwa halina Jumapili. Mama hakukosea, kwa sababu mwaka uleule nilipata alama mbaya ya hesabu, na karatasi ya shule iliyotakiwa saini ya mzazi nikaisaini mwenyewe. Ulipoiona uliigeuza upande huu na upande ule, ukasema mkia huu umenyooka mno, wako huinama mwishoni kwa sababu ya kidole chako kilichowahi kuvunjika. Hukunichapa. Ulicheka mpaka miwani ikakuanguka, kisha ukanikalisha tukafanya zile hesabu zote upya.

Nakumbuka pia asubuhi uliyoondoka na Mama. Alikuwa mgonjwa na alitaka kutibiwa kwao Lemera, juu mlimani, karibu na kaka zake. Uliomba ruhusa kwa mkubwa wako wa zamani, akakuandikia karatasi, akaipiga muhuri, nawe ukaitia ndani ya Biblia. Mimi nilibaki nikipima, kabla ya kwenda shuleni kufundisha na baada ya kurudi. Majuma yaleyale mkubwa wa zamani akahamishwa, akaja mwingine ambaye hakukujua na hakuuliza mtu. Aliona tu kwamba mpimaji hayupo na anayechuchumaa bandarini ni mwanamke. Akatuma ile kaye ya kipimo ichukuliwe mikononi mwangu. Nikadhani anataka kuikagua.

Mama akafia huko juu, kaka zake wakamzika. Ukashuka peke yako, umekonda, umebeba nguo zake ndani ya kitenge chake. Tukaweka kilio hapa Kalundu.

Baba, wewe ndiwe uliyeshika desturi za watu wa Mama kuliko hata baadhi ya ndugu zake. Mwanaume aliyefiwa na mke hukaa mkekani, hanyoi, hatoki, mpaka shemeji zake washuke wamnyoe wao wenyewe na kumpeleka ziwani kuoga. Na katika siku hizo haambiwi habari nyingine mbaya. Hakuna karatasi inayoingia mkononi mwake, hakuna neno la kazi wala la ugomvi. Ulikuwa ukisema kwamba mtu wa kilio hapewi habari ya pili, na ulipofiwa na mama yako ni Mama aliyekuficha kwamba nyumba ya shangazi imeungua. Ulimshukuru kwa hilo mbele yetu sote.

Siku ya tano ya kilio akaja Sadiki, tarishi wa biro, na bahasha pamoja na ile kaye ya kusainia barua. Hakutaka kuingia. Alisimama uani, kofia mkononi, akanong'ona, "Musainie baba, Feza. Weye unajua kusaini." Alijua, maana miaka yote ya Jumapili aliziona saini zangu na hakuwahi kusema kitu. Ningeweza kuandika jina langu. Sikuwaza hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe, herufi kubwa, vilima viwili, mkia, na tarehe ya siku ile kando.

Barua niliisoma jikoni. Umeachishwa kazi kwa sababu umeitoroka. Mistari michache tu, kwa kazi yote ile. Nikamwita shangazi, dada yako, nikamsomea kwa sauti ya chini. Akasema tuifiche mpaka unyolewe. Akasema, "Kazi itakimbilia wapi?" Nami nikaona ni sawa kabisa, na hata leo sijui ni nani katika mtaa wetu angefanya vingine. Niliitia chini ya vitenge vya Mama, ndani ya sanduku lake.

Wajomba walisema watashuka baada ya majuma matatu. Kisha tukasikia njia imefungwa chini ya Luvungi, hakuna pikipiki inayopita. Ilipofunguka, mvua ikaukata mlima. Ilipokauka, mjomba mkubwa akaugua, na bila yeye wengine hawakuweza kukushika kichwa. Ndevu zako zilikua mpaka kifuani. Kila asubuhi uliniuliza kutoka mkekani, "Ziwa iko ngapi?" nami nilikuwa nimeshashuka bandarini kabla hujaamka, nikasoma ubao, nikarudi kukutajia namba kana kwamba bado kuna mtu anayeihitaji. Uliitikia kwa kichwa, ukasema linapanda. Kila siku nilikudanganya kwa namba ya kweli.

Siku waliyokunyoa ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Wajomba walileta kasiksi, pombe yao ya ndizi, wakakutania kwamba umezeeka kuliko mlima wao, ukaoga ziwani na kurudi na kitenge kipya begani. Kesho yake ulipiga viatu rangi, ukavaa shati jeupe, ukasema unakwenda kazini. Hapo nikaleta ile barua.

Uliisoma wima. Hukukasirika, na mimi nilitamani ukasirike. Ulifungua Biblia ukaitoa ile ruhusa yenye muhuri, ukasema, "Hii ni kosa yao, wataona." Kisha ukaniuliza barua ilifika lini. Nikakuambia. Ukahesabu kwa vidole vya mkono wako ule wenye kidole kibovu, halafu ukasema nilifanya vizuri, mtu wa kilio hapewi habari ya pili. Neno hilo nilikuwa nikilingoja miezi mitatu na siku kumi na moja, na liliponifikia halikunituliza.

Avoka, wakili tuliyemwendea, alikuwa na biro ndogo karibu na korti, viti viwili na feni isiyozunguka. Sote watatu tulibanana humo. Alisoma barua, akasoma ruhusa, akapiga meza kwa kiganja: kesi hii, Papa, unaishinda asubuhi na mapema. Nikatoa pumzi. Kisha akauliza tarehe, na uso wake ukabadilika. Akatueleza polepole, na mimi mwalimu nikasikia kwa mara ya kwanza jambo ambalo kila mtu wa serikali angepaswa kufundishwa siku anayoingia kazini. Huwezi kukimbilia korti moja kwa moja. Kwanza unamwandikia mkubwa aliyekufukuza, umwombe arudishe neno lake, na unapewa miezi mitatu tangu siku uliyoipokea barua. Ukiikosa miezi hiyo, korti haifungui hata faili yako. Haiangalii nani ana haki. Inaangalia kalenda.

Ulimwambia habari ya kilio. Akainamisha kichwa kwa heshima, maana naye ni mtoto wa hapahapa, akasema sheria haina mkeka. Ulimwambia kwamba barua umeiona kwa macho yako juma lililopita tu. Akainuka kitini. Akauliza, basi aliyesaini ni nani? Ukasema aliipokea binti yako. Akafurahi. Alidhani niliandika jina langu. Akasema vizuri sana, delai, ile miezi mitatu, itahesabiwa tangu siku barua ilipokufikia wewe mwenyewe, kwa sababu hukumtuma mtu yeyote kukusainia. Leo hii tunamwandikia mkubwa, atatuita, atatoa kaye, utasema saini si yako, na huo ndio ukweli. Halafu, akikunja karatasi zake, akaongeza kwa kupita tu kwamba kitu kimoja kingetuharibia: kama mtu aliiga saini yako. Hiyo itakuwa kughushi katika kitabu cha serikali. Mtu huyo atatafutwa, na kama naye anakula mushahara ya serikali, atatoka.

Nilikuwa nimekaa karibu yako kiasi kwamba mkono wangu uligusana na wako. Mwaka ule ndio nilioingizwa kwenye orodha ya walimu wanaolipwa, baada ya miaka mingi ya kufundisha kwa michango ya wazazi. Wewe mwenyewe ulichinja jogoo. Nilipaswa kufungua kinywa palepale. Sikufungua. Nilijiambia nitakueleza nyumbani, na nyumbani nikajiambia kesho, na kesho nikasema labda ile kaye imepotea. Mimi, ambaye kila Jumatatu nawagombeza watoto wa darasa la nne kwa kusema uongo, niliomba kitabu cha serikali kiliwe na mchwa.

Hakikuliwa. Tuliitwa. Mkubwa mpya hakuwa mtu mkali, hilo niliseme. Alitupa viti, karani akashika kalamu, Sadiki akasimama ukutani akitazama viatu vyake. Kaye ikafunguliwa mbele yako, na kidole cha mkubwa kikawekwa kando ya mstari. Akauliza, "Papa, hii saini ni yako?"

Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati, ukaivaa tena. Uliinama juu ya ile kaye namna ulivyokuwa ukiinama pale bandarini. Niliuona mkia kutoka nilipokaa. Ulikuwa umenyooka, umenyooka kabisa, mpaka mwisho. Uliutazama, ukangoja, ukautazama tena, na mara ya tatu. Hukugeuka kuniangalia. Avoka alikuwa tayari anatabasamu.

"Iko yangu," ukasema.

Avoka akakuita jina lako kwa mshtuko. Mkubwa akauliza tena, pengine hukusikia vizuri. Ukainua kichwa ukamjibu kwa sauti yako ya kwaya, bila haraka, "Iko yangu. Nilisaini minye mwenyewe." Karani akaandika. Mkubwa akasema kwamba basi, kama ni hivyo, miezi mitatu ilikwishapita, na yeye hana la kufanya. Nadhani alikuwa na huruma. Sadiki alitoka nje kabla yetu, na tangu siku ile akiniona njiani huvuka upande wa pili.

Avoka alituacha barabarani bila kuaga. Tulitembea kwa miguu hadi Kalundu. Pale sokoni ulisimama ukanunua samaki wa ndagala, ukabishana na yule mama juu ya ukubwa wa kopo kama siku zote. Mara mbili nilianza, "Baba, ile saini," na mara mbili uliinua kiganja. Tulipofika mlangoni ukaniuliza, "Kesho iko masomo?" Nikajibu iko. Ukasema, "Basi," ukaingia ndani. Maneno yetu juu ya jambo hilo yaliishia pale, Baba. Nimeyahesabu mara nyingi na hayaongezeki.

Nilidhani utaendelea kushuka ziwani. Watu wanaopenda kazi yao huendelea, nilijisemea, atanunua kaye yake, itakuwa faraja. Hukushuka hata siku moja. Uligeuza kiti chako uani kikatazama mlima. Ziwa lilipopanda kwelikweli, ubao wa bandari ukamezwa na maji na hakuna aliyeweka mwingine. Nyumba za chini zikaanza kuingiliwa, majirani wakaja kwako kama walivyokuja siku zote, wakitaka kujua wahame au wangoje. Papa Nivo, maji itafika wapi? Ukawajibu kwamba hujui, husomi tena. Mama Riziki alihama amechelewa, akapoteza vyombo vyote. Alinilaumu mimi kwamba nimekuacha ukawa mkaidi. Siku hizo nilikuwa hodari wa kunyamaza.

Kuna mara nilikukasirikia, ujue. Nilikukasirikia sana. Nani alikuomba? Ningeacha kazi, ningelima kule Runingu, ningeuza majani ya sombe sokoni, ningekaa hata gerezani, lakini ungerudi bandarini umenyanyua kichwa. Ulinipa kitu ambacho sikuweza kukirudisha wala kukushukuru kwacho, na kila mwisho wa mwezi nilipopokea mshahara wangu nilikuta macho yako yako mlimani. Kisha hasira inaniisha, maana nakumbuka ni nani aliyekaa kimya mbele ya avoka. Kama ningesema siku ile, usingelazimika kuchagua.

Umekufa msimu huu wa mvua, kifua, siku nne tu. Kwenye mazishi biro ilituma mtu aseme maneno mawili. Alikusifu, alisema hukukosa kupima hata siku ya harusi yako. Halafu akasema ni masikitiko kwamba mtu aliyekuwa na haki yote aliizembea barua yake, akachelewa, na vijana wajifunze kwako kutolala juu ya karatasi. Watu wakaguna kukubali. Shangazi akanitazama, nami nikatazama udongo. Ulikuwa umelala pale, mtu ambaye hakuchelewa kufika kwenye maji asubuhi hata moja, na wanakuzika kwa neno hilo.

Kilio kilipokwisha nilikwenda kwa avoka. Feni bado haizunguki. Nilimwambia yote, tangu Jumapili za kwaya mpaka mkia. Alisikiliza amefumba macho. Nikamwuliza kama sasa, nikienda kutoa ushahidi, faili itafunguliwa, angalau jina lako lisafishwe. Akasema hapana. Nikamwuliza kama ukweli nao una delai. "Yote iko na delai, dada," akanijibu. "Ukienda utajipoteza weye, na yeye hatarudishiwa kitu." Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishauri nifundishe watoto na ninyamaze. Ni mtu mwema. Alisema tu kile anachokijua.

Kwa hiyo barua hii haikuletei chochote, Baba. Hairudishi ubao bandarini wala jina lako kwenye orodha. Labda itanitoa mimi darasani, na ikinitoa sitakuwa na la kulalamika. Wala sitasema kwamba nimepata amani, maana sijaipata, na wewe ungejua nadanganya. Lakini nilisikia neno lile juu ya kaburi lako na siwezi kuliacha limelala hapo. Hukuchelewa. Hukuzembea. Barua haikukufikia. Nilichelewa mimi, miezi mitatu na siku kumi na moja, na baada ya hapo miaka miwili.

Jana nilishuka bandarini. Maji yamerudi nyuma kidogo, nguzo inaonekana, ubao umeoza na namba zimefutika zote isipokuwa moja ya chini ambayo sikuweza kuisoma vizuri. Nilichuchumaa nikangoja mawimbi yatulie. Hayakutulia, nikarudi nyumbani kuandika haya.

Pumzika, Baba. Saini iliyo hapa chini haina vilima viwili wala mkia. Ni jina langu, nimeliandika polepole, na tarehe nimeitia kando yake. Mtu wa biro akiileta barua hii mbele yangu akaniuliza saini ni ya nani, hatakuwa na haja ya kuniuliza mara mbili.

Mtoto wako wa kwanza,

Feza

Iko yangu.